Jioni moja ndani ya maji ya chumvi: siku nne kati ya Trapani na Marsala

Safari ilikuwa wiki ya pili ya Septemba, mavuno ya chumvi yakielekea ukingoni. Haya yameandikwa nyumbani kutokana na daftari, risiti na picha za simu. Saa zote humu ni za Kiswahili, kwa hiyo saa moja na nusu jioni ndiyo ile ambayo tiketi zao zinaandika 19:30. Bei ni zile tulizolipa, kwa euro.

Lengo lilikuwa jioni ya siku ya tatu: kuoga kwenye jaruba la chumvi, yaani bwawa la kina kifupi ambamo maji ya bahari hukaushwa, huko Marsala, magharibi mwa Sicilia, kisha kula palepale. Siku nyingine zimeizunguka hiyo.

Siku ya kwanza, Jumanne. Palermo hadi Trapani

Uwanja wa ndege wa Palermo uko nje ya jiji upande wa magharibi, na Trapani iko upande huohuo, kilomita 80 hivi kwa barabara kuu ya A29 ambayo haina malipo ya kupita. Kuna uwanja mwingine mdogo, Birgi, katikati ya Trapani na Marsala, jirani kabisa na majaruba. Ukipata ndege ya kutua huko, chukua hiyohiyo hata kama inachelewa kidogo.

Gari la kukodi lilikwama kaunta. Leseni zetu za Afrika Mashariki lazima ziambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, kinachotolewa nyumbani kabla ya kuondoka, na hicho tulikuwa nacho. Kilichokosekana ni kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ambayo wanaishikia dhamana. Kadi ya kawaida ya benki waliikataa, na ubishi ukala saa nzima. Basi la kwenda Trapani moja kwa moja lipo, ila halipiti kila saa, na lile tulilolitaka tukaliona mgongo. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kituoni na masanduku yake ndiye aliyetuonyesha kwamba tumesimama upande usio wake. Mabasi ya Palermo mjini na ya Trapani hayasimami pamoja. Tungemkosa yeye, tungelikosa na la pili.

Usiku Trapani: mkate, dagaa wa kukaanga, kulala.

*Kwa anayetoka nyumbani:* viza ni ya Schengen, ada yake euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Uthibitisho wa nyumba za kulala uandae kwa kila usiku, pamoja na ule wa Marsala nitakaoueleza chini.

Siku ya pili, Jumatano. Nubia, kwa baiskeli

Bila gari, baiskeli. Kutoka mjini Trapani hadi Nubia ni tambarare tupu, kama kilomita saba, na njia inafuata barabara ya mkoa SP21 inayoendelea mpaka Marsala. Barabara ni nyembamba na magari yanapita kwa kasi, kwa hiyo vaa kitu cheupe na uondoke mapema. Asubuhi ilikuwa raha. Kurudi alasiri upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa usoni, na kilomita saba zikawa kama ishirini. Huo ndio upepo uliofanya vinu vyote vya upepo unavyoviona vijengwe, hivyo usiulalamikie sana.

Majaruba ya Trapani na Paceco ni hifadhi tangu 1995 na yanasimamiwa na shirika la uhifadhi la WWF, lakini ndani yake watu wanaendelea kuvuna chumvi kama kawaida. Katikati ya karne ya 12 Al-Idrisi, mwanajiografia wa Mfalme Roger II wa Sicilia, aliitaja chumvi ya Trapani. Nubia kuna makumbusho madogo ya chumvi kwenye nyumba ya zamani yenye kinu juu yake. Lipia kiongozi anayeeleza, kwa sababu bila maelezo utaona mabwawa tu.

Kinachofanyika ni hiki. Maji ya bahari huingizwa kwenye jaruba kubwa la kwanza linaloitwa *fridda*, yaani baridi. Hapo yana nyuzi kama 3.5 kwa kipimo cha Baumé, yaani kipimo cha ukali wa chumvi kinachosomwa kwa kile kijiti cha kioo kinachoelea. Yanasogezwa kwenye jaruba la pili, *vasu cultivu*, halafu kwenye *ruffiana*. Neno hilo maana yake ni kuwadi, na wameliita hivyo kwa sababu linakaa katikati likiwakutanisha maji mepesi na maji mazito. Kutoka hapo ni *caure*, majaruba ya moto, na mwisho *caseddi*, vile vyumba vya mraba ambamo chumvi inaganda. Kila hatua jaruba linapungua ukubwa na maji yanazidi ukali. Chokaa inatangulia kutuama, kisha jasi. Chumvi ya kula haigandi mpaka kipimo kipite nyuzi 25 na kitu, na kufikia hapo kila lita 1,000 zilizoingia zimebaki kama lita 100. Ukiyaacha maji mpaka nyuzi 29 au 30, magnesi nayo inaanza kushuka na chumvi inakuwa chungu. Mvunaji stadi huyaondoa kabla ya hapo.

Aliyewahi kupita mashamba ya chumvi ya Gongoni au ya Saadani ataitambua kazi hii mara moja. Tofauti kubwa iko kwenye kuinua maji. Hapa walitumia kinu cha upepo chenye mikono sita ya mbao iliyovikwa turubai, kikizungusha parafujo ndefu ya Archimedes iliyolazwa ndani ya mfereji. Leo pampu za umeme zinafanya sehemu kubwa ya kazi.

Rangi ya waridi kwenye caure si uchafu wala rangi ya kiwandani. Ni mwani mdogo sana, *Dunaliella salina*, ambao ukiungua na jua na chumvi hujitengenezea kinga ya rangi ileile iliyomo kwenye karoti. Kuna na vijidudu vingine vipendavyo chumvi vinavyoongezea wekundu. Vijikamba vya *Artemia* hula mwani huo, na heroe hula vijikamba. Heroe walikuwepo mbali, kama nguo zilizoanikwa. Kushuka kwenye kingo ili kuwafuata ni marufuku, tena kingo ni za udongo na zinameguka.

Marundo ya chumvi nje yalikuwa yameanza kufunikwa vigae vya udongo kusubiri mvua za Oktoba, kila kigae kikilalia mwenzake kama magamba. Kwa nini si turubai ya plastiki? Vigae vinapitisha hewa, na chumvi inaendelea kukauka chini yake. Upepo nao hauviamshi.

Nubia inajulikana pia kwa kitunguu saumu chekundu, tumba nyeupe na punje za ndani zenye maganda ya rangi ya divai, kikali kuliko cha kawaida. Mzee mmoja alikuwa akisuka mashada yake barazani. Tuliuliza bei ya shada zima, akacheka, akachomoa vichwa vitatu akatupa bure, maana shada lilikuwa na vichwa vingi mno kwa watu wa baiskeli.

Siku ya tatu, Alhamisi. Mozia, halafu jioni yenyewe

Treni ya Trapani hadi Marsala ni kama nusu saa na haifiki euro tano. Gonga tiketi ya karatasi kwenye mashine iliyoko jukwaani kabla ya kupanda. Asiyegonga hulipishwa faini hata kama ameinunua. Tuliacha mizigo kwenye nyumba ya kulala hapohapo Marsala. Nitaeleza kwa nini.

Majaruba ya Marsala yako kama kilomita kumi kaskazini ya mji, kwenye ukingo wa Stagnone, wangwa mkubwa wenye kina cha mita moja au mbili ambao ni hifadhi tangu 1984. Basi la mjini linafika mchana. Kutoka gatini boti ndogo zinavuka hadi kisiwa cha Mozia kwa dakika kumi hivi. Huo ulikuwa mji wa Wafoinike mpaka Dionysius, mtawala wa Syracuse, alipouteketeza mwaka 397 kabla ya Kristo, na walionusurika wakaanzisha Lilibeo, ndiyo Marsala ya leo. Makumbusho yana sanamu ya marumaru ya kijana aliyevaa kanzu nyembamba yenye mikunjo, iliyofukuliwa mwaka 1979. Marumaru ile imechongwa mpaka unadhani kitambaa kimeloa. Saa mbili zinatosha. Beba maji yako na kofia.

Jina Marsala lenyewe limetokana na Kiarabu, *marsa* ikiwa ni bandari. Kisicilia kimebeba mengi ya namna hiyo ambayo Mswahili anayasikia bila mkalimani. Tangi la maji shambani wanaliita *gebbia*, ndiyo jabia ya watu wa Lamu. Zabibu zao tamu ni *zibibbo*. Mkuu wa wavuvi wa jodari aliitwa *raìs*.

*Kuweka nafasi.* Majaruba yanayopokea wageni wa kuoga hayako mengi, na hayaruhusu mtu kujiingilia. Piga simu siku tatu au nne kabla. Msimu ni kama Mei hadi Septemba. Uliza mambo matatu: kama bafu la maji matamu liko karibu na jaruba, kama chakula kimejumuishwa, na watafanya nini upepo ukizidi. Siku ya siroko, upepo wa moto unaotoka Afrika Kaskazini na vumbi lake, usiende hata kama hawajafuta. Tulilipa euro 75 kwa mtu, bafu na chakula pamoja, vinywaji mbali.

*Saa kumi na moja.* Fika saa hii, mapema kuliko wanavyokuambia. Wiki hiyo jua lilikuwa linazama karibu saa moja na nusu. Ukiingia majini saa kumi na mbili unapata mwanga mzuri bila kuungua, na unatoka ukiwa na muda wa kuoga na kuvaa kabla baridi ya upepo haijaanza.

Mambo ya kujiandaa huanza jana yake. Usinyoe popote kwa saa 24, iwe wembe au nta. Kidonda, hata mkwaruzo wa kucha, paka mafuta mazito ya mgando kabla ya kuingia. Mwenye shinikizo la damu lisilotulia, mjamzito, au mwenye kidonda kibichi aongee na daktari kwanza, na wengi wa waendeshaji hawatamkubali. Losheni ya jua na marashi vioshwe, kwa sababu vinaacha utando juu ya maji na jirani yake kuna chumvi ya kula. Pete ya fedha vua: matope meusi chini ya jaruba yana salfaidi, ile harufu ya yai viza, na fedha hugeuka nyeusi papo hapo. Viatu vya mpira ni lazima. Sakafu ya chumvi iliyoganda inakata kama chupa, na mkato mdogo ndani ya maji yale utaukumbuka usiku mzima.

Nywele zilowekwe kwanza kwa maji matamu zikashiba, kisha zifungwe juu. Nywele zilizokwisha kunywa maji matamu hazinywi chumvi nyingi. Anayejistiri aingie na vazi lake la kuogelea la mwili mzima bila wasiwasi, ila ajue kitambaa kitakuwa kizito wakati wa kutoka na kikikauka bila kusuuzwa kitasimama chenyewe kama ubao.

*Saa kumi na mbili.* Hawakuingizi kwenye caseddi zinazovunwa, maana zile kina chake hakivuki kiganja cha mkono. Jaruba la kuogea ni lile la maji mazito lililochimbwa kidogo, yakifika chini ya goti. Linaonekana dogo mno kwa kuogelea, na kweli huogelei. Unakaa chini polepole, unajilaza kwa mgongo, na miguu inapanda yenyewe. Maji yaliyokaribia kuganda chumvi yana uzito wa mara 1.2 ya maji matamu, kwa hiyo karibu sehemu moja ya sita ya mwili wako inabaki juu, wakati baharini ni kidogo sana. Shingo ndiyo inayochelewa kuamini. Iachilie, masikio yaingie, kelele zote zinakatika.

Usigeuke kifudifudi. Maji haya yanainua nyonga na miguu kwa nguvu, na mtu aliyelala kifudifudi anapata tabu kuirudisha miguu chini ili asimame. Hata kina cha goti kinatosha kumnywesha. Ukitaka kusimama, vuta magoti kifuani ukiwa chali, kaa, halafu inuka ukishika kamba waliyoifunga jarubani. Kamba ile ina kazi nyingine pia: upepo unamsukuma anayeelea kama boya mpaka ukingoni, na ukingoni ndiko kwenye fuwele kali.

Mgeni mmoja wa kundi jingine alirushiwa tone jichoni, akalifikicha kwa mkono uliolowa maji yaleyale. Alitolewa akilia. Dawa ni chupa ya lita moja na nusu ya maji matamu iwekwe ukingoni kabla hamjaingia, na mtu aliye nje ndiye anayemimina, kutoka pembe ya jicho karibu na pua kwenda nje. Mkono wako usiuguse uso kabisa. Pua ikiwasha, vumilia.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Zaidi ya hapo ngozi huanza kuvuta na kiu inakuja kwa kishindo. Maji yalikuwa vuguvugu kuliko hewa, kwa sababu jaruba la kina kifupi linashinda juani mchana kutwa.

Kuhusu tiba. Utaambiwa magnesi inaingia mwilini na kuondoa kila kitu, kuanzia uchovu mpaka maumivu ya viungo. Ngozi nzima kazi yake ni kuzuia vitu visiingie, na dakika ishirini haziwezi kuigeuza. Wenye ugonjwa wa ngozi wa soriasisi hupata nafuu Bahari ya Chumvi, lakini hiyo ni ya wiki kadhaa, jua likiwa sehemu ya matibabu. Hapa unachopata kwa hakika ni joto, kimya, na mgongo usiobeba chochote kwa robo saa. Inatosha kulipiwa.

*Kusugua.* Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Chumvi ya kusugua wanakupa kabla ya kuingia majini kama hujauliza, na ukisugua kwanza unaacha mikwaruzo isiyoonekana, kisha unaitumbukiza kwenye maji makali kuliko yote. Omba ibadilishwe: suuza mwili, ingia majini, suuza tena, ndipo usugue, na usuuze mara ya mwisho. Mchanganyiko wao ni vipimo viwili vya chumvi laini kwa kimoja cha mafuta ya zeituni. Chumvi ya mawe haifai, inachuna. Anza miguuni ukipanda, dakika tatu au nne, usiguse uso, shingo wala kwapa. Mafuta yakibaki kidogo yaache. Ndiyo losheni yako ya usiku. Mbu wanakuja na giza. Hawazaliwi kwenye maji makali ya majaruba, wanatoka kwenye mitaro ya maji matamu na magugu ya pembeni, basi dawa ya mbu ipakwe baada ya suuza ya mwisho.

*Saa moja na nusu.* Jua lilishukia nyuma ya kisiwa cha Isola Lunga, na kwa mbali zaidi kisiwa cha Favignana. Majaruba yalipita kwenye waridi, zambarau, kisha rangi ya bati. Nusu ya wageni walikuwa wameshika simu. Simu zilizoingia kwenye mifuko ya nguo mbichi zilipata chumvi kwenye tundu la chaji. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji matamu kidogo, siyo kikavu, kwa sababu kikavu kinasugua fuwele ndani.

Meza ziliwekwa mbele ya ghala la chumvi. Kwanza mkate uliopasuliwa ukiwa moto na kutiwa mafuta, nyanya, oregano, jibini na dagaa wa chumvi. Pembeni zeituni za kijani za Castelvetrano, kubwa kama tende, na mayai ya jodari yaliyokaushwa, yakikatwa vipande vyembamba unavyoweza kuona mwanga kupitia.

Kisha busiate, tambi ndefu zilizosokotwa kama waya wa simu ya zamani, kwa pesto ya Trapani. Mpishi aliitwangia mezani na hakuona siri kueleza. Kwa watu wanne: tambi gramu 400, punje tatu au nne za kitunguu saumu chekundu, lozi gramu 60, nyanya mbivu gramu 400 zilizomenywa na kutolewa mbegu, konzi ya majani ya rehani ya Kiitalia, mafuta ya zeituni nusu kikombe. Anza na kitunguu saumu na kijiko cha chai cha chumvi ya mawe kwenye kinu cha marumaru. Chumvi ile inafanya kazi ya mchanga, inakisaga kitunguu mpaka kiwe uji, ambapo bila hiyo kinateleza tu chini ya mchi. Halafu majani, halafu lozi zibaki na vipande vipande, nyanya mwisho, na mafuta kidogokidogo. Kitu hiki hakiguswi na moto. Tambi ya moto ndiyo inayokiamsha. Kinachoharibu ni maji ya nyanya: usipotoa mbegu, mchuzi unakimbia chini ya sahani na tambi inabaki tupu.

Kitoweo kikuu kilikuwa samaki mzima aliyeokwa ndani ya chumvi. Samaki wa kilo moja anataka chumvi ya mawe kilo mbili, iliyochanganywa na ute wa mayai mawili ili ishikane. Haparwi magamba. Magamba na ngozi ndivyo vinavyoizuia chumvi isiingie nyamani, na aliyempara anakula jiwe la chumvi. Tumbo hupasuliwa kidogo kadiri inavyowezekana na kuzibwa kwa ndimu na majani, kwa sababu hiyohiyo. Tabaka la chini unene wa kidole, samaki, kisha afunikwe wote, tanuri nyuzi 200, dakika 30 hadi 35. Gamba linagonga kama chungu. Alilivunja kwa mgongo wa kijiko kuzunguka pembeni, akalinyanyua kipande kimoja na ngozi ikatoka nalo. Nyama chini yake ilikuwa nyeupe, ina mvuke, na haikuwa na chumvi hata ya kutosha. Tulinyunyizia punje chache za ua la chumvi, ile ya juu ya maji inayokusanywa kwa mkono kabla haijazama.

*Kwa wasiokunywa na wasiokula nguruwe:* samaki na tambi hii ni salama, ila mchuzi wa samaki mara nyingi hutiwa divai wakati wa kukaanga. Sema mapema, wakati wa kuweka nafasi: *senza vino, senza maiale*. Wanaelewa na hawanuni. Zabibu za zibibbo zilikuja mwisho, mbichi, kwa wote.

*Saa nne usiku.* Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka tangu jioni, na teksi mbili tulizopigiwa hazikupokea. Ndiyo sababu ya kulala Marsala na siyo Trapani: hata ukipata usafiri, treni ya usiku hutaikuta. Kijana aliyekuwa akiosha vyombo alimaliza zamu, akasikia mashauri yetu mlangoni, akasema anaelekea mjini. Akasogeza ndoo na kiti cha mtoto, akatufikisha mpaka mlangoni. Hela ya mafuta aliikataa mara mbili. Wewe panga teksi ya kurudi mchana, kwa saa maalumu, na umtumie dereva mahali kwa ramani.

Siku ya nne, Ijumaa. Kuskusi, na chumvi ya kubeba

Ngozi asubuhi ilikuwa laini, mabega yamepumzika. Midomo tu ilikuwa imekauka. Mafuta ya midomo tuliyasahau. Viatu vya mpira vilivyosuuzwa juujuu vilikuwa na ukoko mweupe kwenye kila mshono.

Treni ya saa tatu kurudi Trapani, kwa ajili ya kuskusi ya mchana iliyoagizwa siku mbili kabla. Usipoagiza utapewa ya pakiti. Ya kweli huanza na unga wa ngano ngumu kwenye sinia pana la udongo, *mafaradda*, maji yakinyunyizwa kwa ncha za vidole na mkono mwingine ukizungusha mpaka punje zijikusanye zenyewe. Inapikwa kwa mvuke kwenye chungu chenye matundu kwa saa moja na nusu, na kiungo cha vyungu viwili kinazibwa kwa mkufu wa donge la unga, kwa kuwa mvuke ukipenya pembeni punje za juu zinabaki mbichi. Kisha inamiminiwa supu ya samaki wa miamba yenye lozi na nyanya, inafunikwa, na chungu kizima kinavikwa blanketi kwa saa nzima ili kuskusi inywe supu taratibu. Aliyezoea kupalia wali ataelewa nini kinatafutwa pale.

Basi la uwanja wa ndege lilikuwa saa tisa na lilichelewa dakika arobaini. Acha muda wa masaa matatu kabla ya ndege.

Chumvi: kilo moja ya mawe inauzwa kwa bei ndogo kwenye maghala, ua la chumvi ni ghali mara kadhaa. Iweke kwenye sanduku la kupeleka chini ya ndege. Kwenye mkoba wa mkononi, unga mweupe usio na lebo utakuchelewesha kwenye ukaguzi. Mfuko wa kitambaa wanaokupa ni pambo, tia ndani ya plastiki mbili. Chumvi hii haisafishwi sana na ina magnesi kidogo inayovuta unyevu, kwa hiyo hewa ya Dar, Mombasa au Unguja itailowesha ndani ya wiki. Haijaharibika. Ianike kwenye sinia juani kwa muda wa saa mbili, irudishe kwenye kopo la udongo lenye kifuniko, na konzi ya mchele chini yake.